Kuku Niliowauza Nikijua

Nilikuwa mchuuzi wa kuku wa kienyeji hapa Choma, wilaya ya Igunga. Katika kazi hiyo nilinunua kuku wagonjwa nikijua ni wagonjwa, nikawauza kwa watu wasiojua. Sikufanya hivyo kwa bahati mbaya wala kwa kupitiwa. Ndiyo ilikuwa njia ya kupata faida. Na msimu mmoja nilikuwa na kila sababu ya kushuku kwamba kilichokuwa kinaua ndege si mdondo tuliouzoea. Nikaulizwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza, nikamjibu uongo. Huo ndio mzigo ninaoutua hapa.

Asiyeijua kazi ya uchuuzi anaweza kudhani ni mambo ya mtu na baiskeli yake tu. Mchuuzi anatoka Choma alfajiri, tenga tupu limefungwa nyuma, anaingia vijijini upande wa bonde la Manonga, nyumba kwa nyumba. Anaamkia, "Mwangaluka, mayu," anapewa kigoda, anaulizwa habari za mnadani, ndipo watoto wanaanza kukimbiza kuku. Hapa tetea wawili, pale jogoo, nyumba ya mbele koo aliyeacha kutaga. Jioni tenga limejaa kuku wa nyumba nyingi ambao hawajawahi kukutana, wamebanana, wanajisaidia mmoja juu ya mwingine. Kesho yake mnadani wanachanganywa na wa matenga mengine. Waliopata bei nzuri wanapandishwa lori au keria ya basi, wanapita Igunga, wanavuka mbuga ya Wembere, wanapanda Sekenke kwenda Singida, Dodoma, hadi Dar es Salaam. Waliokosa bei wanarudi vijijini, kwa sababu hakosi mtu anayetafuta jogoo wa mbegu au matetea wa kuanzia. Na tenga halioshwi. Katika miaka yangu yote barabarani sikuosha tenga, wala sikumwona mwenzangu akiosha.

Sasa fikiria ni nani anayefika kijijini mara nyingi kuliko mchuuzi. Bwana mifugo ana kata nzima, ng'ombe, mbuzi, mbwa wa kuchanja kichaa, na pikipiki isiyo na mafuta kila siku. Mchuuzi anapita kila wiki, anaingia hadi uani. Kwa hiyo wa kwanza kujua kwamba kuku wa kijiji fulani wanakufa ni yeye, na anajua kwa bei. Mwenye nyumba aliyekuwa anabishania mia tano kwa jogoo mmoja, leo anakutolea kuku wote kwa bei utakayoitaja. Mama hamuuzi koo anayelalia mayai. Akimtoa, ujue amekwisha kuwakuta wenzake wamelala chini asubuhi. Sisi wachuuzi tulipeana habari kwa simu: nenda upande ule, kuku wanatoka. Kwetu ilikuwa habari njema. Tulinunua kwa nusu ya bei au chini yake, tukakimbiza tenga mnadani kabla hawajaanza kusinzia mbele ya wanunuzi.

Mara nyingi ulikuwa mdondo, ambao kwingine wanauita kideri. Mahali ambapo hawajachanjwa unaweza kumaliza karibu kuku wote. Anazubaa, anashusha mbawa, anaharisha kijani, mwingine anapinda shingo na kuzunguka palepale. Huku kwetu unapamba moto zaidi kiangazi, na wazee husema unaletwa na upepo. Niliwaacha waamini hivyo. Mimi niliyeingia uani kwao na tenga lenye kinyesi cha kijiji cha jana nilijua, au ningejua kama ningetaka kujua, kwamba upepo huo ulikuwa unapanda baiskeli.

Njia za magharibi zimebeba magonjwa tangu zamani. Wanyamwezi tunajivunia babu zetu wapagazi, waliotembea kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na mizigo mabegani, na tuna haki ya kujivunia. Lakini popote watu na mifugo wanapopita, ugonjwa nao hupata njia. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilisafiri hivyohivyo, ikafyeka ng'ombe na nyati na kuacha njaa nyuma yake. Dunia ilitangaza kuwa imeimaliza mwaka 2011, na kisa cha mwisho kujulikana kilikuwa kwa nyati wa Kenya, mwaka 2001. Kuna sehemu ya historia hiyo ambayo haisimuliwi vya kutosha: mwishoni, ilipobaki katika vichaka vya mbali, ilitafutwa kwa kuwasikiliza wafugaji wenyewe, watu wanaojua dalili za ng'ombe wao kuliko kitabu chochote. Mfugaji wa mbali kabisa na ofisi ndiye alikuwa jicho. Mimi nilipewa nafasi kama hiyo kwa upande wa kuku, nikaifumba.

Januari 2017 redio zilitangaza kwamba mafua ya ndege yameingia Uganda. Ndege weupe wa majini, jamii ya shakwe, wanaokimbilia Afrika wakati wa baridi ya Ulaya na Asia, walikutwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha bata na kuku wa kufugwa wakakutwa nao upande wa Masaka. Kirusi kilikuwa H5N8. Kenya ikazuia kuku na mayai ya Uganda. Miezi michache baadaye kikathibitishwa Ituri, upande wa Kongo wa Ziwa Albert. Oktoba mwaka huohuo, Namanga, serikali yetu iliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya, ikitaja hofu ya ugonjwa huo. Watu wengi walikasirikia namna viumbe wale walivyouawa. Nami nililaumu kwa sauti, mnadani, mbele ya watu, ilhali mimi nilikwisha kufanya langu mapema mwaka uleule.

Mvua zilikuwa zimekolea, majaruba ya mpunga yamejaa, na mbugani kulikuwa na ndege wengi kama ilivyo kila mwaka maji yanapotuama: yangeyange, korongo, bata mwitu, makundi ambayo hayahesabiki. Wengine ni wa hapahapa, wengine wametoka mbali sana kaskazini na watarudi huko mvua zikiisha. Nilifika nyumba moja pembezoni, kwa mama mmoja mtu mzima niliyekuwa nikinunua kwake tangu zamani. Kuku wake walikuwa wanakufa. Hilo halikunishtua, nilikuwa nimesikia kuku wanatoka upande ule, ndiyo maana nilikwenda. Kilichonishtua ni bata. Alikuwa nao wachache, waliozoea kushinda kwenye maji ya jaruba pamoja na ndege wa porini na kurudi jioni kulala na kuku. Wawili walikuwa wamekufa chini ya mwembe, na mwingine anatembea akiyumba, shingo imelegea.

Nimeishi na kuku maisha yangu yote. Nimeona mdondo ukifagia uwanja mzima na bata wakabaki wanatembea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mdondo hauwaui bata kirahisi. Na ule haukuwa msimu wake. Nikiwa bado nimesimama pale, mjukuu wa yule mama akaja ameshika bata mwitu aliyekufa, kamning'iniza kwa miguu, akasema kuna wengine kule majini. Habari ya Uganda nilikuwa nimeisikia. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu, kwa pamoja, na hakuna mtu mwingine katika wilaya nzima aliyekuwa amekiona.

"Baba, nichukulie na bata," mama akaniambia.

"Bata hawana soko, mayu."

Bata walikuwa na soko. Nilikataa kwa sababu niliogopa. Kuku nikawachukua, wote waliokuwa bado wanasimama vizuri, kwa bei isiyofika nusu. Tangu siku hiyo sijaweza kujitetea kwamba sikujua, kwa sababu mkono uliokataa bata ulijua unakataa nini.

Mnadani bwana mifugo alikuwa anazunguka kwa wachuuzi. Kwa sababu ya habari za Uganda alikuwa anauliza kila mtu swali lilelile, kwa utaratibu, na daftari mkononi. "Mzee wangu, huko ulikopita kuna vifo vya ndege? Kuku, bata, hata wa porini?"

"Salama tu, bwana mifugo. Huko ni salama."

Tenga langu lilikuwa nyuma yangu, nimelifunika gunia. Akaandika. Akanishukuru.

Kuku wale walitawanyika siku hiyohiyo. Wengine walipanda gari. Wengine niliwauza palepale, na matetea kadhaa na jogoo mmoja alinunua kijana wa kijiji cha jirani aliyekuwa anaanza kufuga. Alikuwa amejenga banda zuri la miti na nyasi, ameazima fedha kwa shangazi yake. Haikupita wiki mbili akaja kunitafuta. Kuku wake walikuwa wamekwisha, wale niliomuuzia na wale aliokuwa nao kabla. Hakuja kudai. Alikuja kuomba ushauri kwa mtu mzima anayejua kuku. "Mzee, upepo umenipitia," akasema. Nikampa pole. Nikamwambia ndivyo upepo ulivyo, mwanangu, jaribu tena mwakani. Katika yote niliyofanya, jibu hilo kwa kijana yule ndilo linaloniuma zaidi.

Sisemi yalikuwa mafua ya ndege, na asiwepo mtu wa kuchukua maneno yangu akadai Choma iliwahi kuyapata. Bata hufa kwa mambo mengi. Huenda ilikuwa sumu ya shambani iliyoingia majini. Huenda kuku walikuwa na mdondo wao na bata walikuwa na lao. Ninachosema ni kwamba siku ile jibu lilikuwepo, kooni mwa bata na kwenye njia yake ya haja, na lingeweza kuchukuliwa kwa pamba juu ya kijiti, likahifadhiwa kwenye ubaridi, likapelekwa. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Tabora na maabara yake kuu iko Temeke. Kwa macho hakuna anayeweza kutenganisha mdondo mkali na mafua makali ya ndege: kote kuku hufa ghafla, kote huharisha, kote hukosa pumzi. Kuvimba kichwa, upanga kugeuka rangi ya bluu, damu kuvilia chini ya ngozi ya miguu, hizo ni dalili za kukutia shaka, hazikupi uhakika. Uhakika unatoka maabara, na maabara haiwezi kupima kuku aliyekwisha kupandishwa basi la Dar es Salaam.

Niliacha uchuuzi baada ya muda, nikajifunza kuchanja kuku wa kijiji dhidi ya mdondo. Ni huko ndiko nilikoelewa ukubwa wa nilichokuwa nacheza nacho. Hong Kong, mwaka 1997, kirusi cha H5N1 kilitoka kwa kuku kikawapata watu 18, sita wakafa, na serikali ikaua kuku wote wa eneo lile, zaidi ya milioni moja, ili kukizima. Hakikuzimika moja kwa moja. Februari 2006 kilithibitishwa kwa mara ya kwanza barani Afrika, katika shamba kubwa la kuku jimbo la Kaduna, Nigeria, na hapo kuku walikuwa wameanza kufa tangu Januari. Katika wiki hizo za katikati, soko halikusimama. Mwaka uliofuata, Januari, mwanamke mmoja wa Lagos alikufa kwa ugonjwa huo. Misri ilipambana nao tangu 2006, na kufika 2008 ikakiri kwamba umekwisha kuota mizizi kwenye ndege wa majumbani. Tangu 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitishwa kuugua H5N1, na karibu nusu yao wamekufa. Wengi waliupata kwa kuku, kwa kazi zilezile tunazozifanya sisi: kumshika, kumchinja, kumnyonyoa.

Nilielewa pia kwa nini bata. Bata, wa porini na wa kufugwa, wanaweza kubeba kirusi hiki bila kuonyesha lolote, wakakimwaga majini kwa kinyesi, na maji yakiwa ya ubaridi kinaishi humo siku nyingi. Bata anayelala na kuku na kushinda jaruba moja na bata mwitu ni daraja. Daraja lile nilikuwa nimesimama juu yake nikihesabu fedha.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua nilipokuwa mchuuzi na ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kusemwa katika kila mkutano wa kijiji. Chanjo ya mdondo, ile inayostahimili joto, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, haiokoi kuku peke yake. Inasafisha macho ya kijiji. Mahali ambapo hawachanji, kuku wakifa kila mtu anasema mdondo na hakuna anayeuliza zaidi. Mahali walikochanja sawasawa, kuku wakifa kwa wingi ni ajabu, na watu wanaamka. Nimeona wanawake wa vikundi vya kuchanja wakipiga simu kwa bwana mifugo asubuhi hiyohiyo, kwa sababu walijua kwamba wao wamekwisha kufanya yao na kinachoua lazima kiwe kingine.

Nilipomwendea bwana mifugo kumwambia ukweli, miaka ilikuwa imepita. Bado alikuwa kazini. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mzee wangu, siku ile ungenipa bata. Leo umenipa habari." Akanionyesha kwamba mwezi ule taarifa yake kwa wilaya ilisema hakuna vifo vya ndege visivyo vya kawaida, na kwamba aliiandika kwa imani, kwa maneno ya wachuuzi, mimi nikiwa mmoja wao. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka anayeona ugonjwa wa kutolewa taarifa aseme. Hakunitishia kwa sheria. Lakini nilifahamu hapo kwamba karatasi safi inaweza kutoka kijiji kisicho na ugonjwa, na inaweza pia kutoka kijiji chenye mchuuzi kama mimi, na aliye ofisini Dodoma akizisoma hawezi kuzitofautisha.

Wachuuzi wa sasa nimewaambia haya, na wananijibu kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Nikisema kuku wa mama fulani wanakufa, watakuja kuwaua wote, na mama atabaki na nini? Mimi nitapita tena kwake na uso gani? Ni kweli. Kuku ni sare ya shule, ni nauli ya kwenda hospitali, ni heshima ya kumpokea mgeni. Nigeria ililipa fidia kwa kuku waliouawa, kwa sababu waliona kwamba asiyelipwa huficha. Nadhani fidia inayosubiri miezi ni sawa na kutokuwa na fidia: mama anamhitaji mchuuzi kesho asubuhi, na mchuuzi yuko mlangoni na fedha taslimu. Anayetaka taarifa za kweli kutoka Manonga ashindane na fedha hiyo.

Lakini hoja hiyo hainisaidii mimi. Siku ile hakuna aliyekuja kuua kuku wa mtu. Niliombwa neno moja tu.

Wale wanaonisikiliza nimewaomba mambo machache. Tenga lioshwe kwa maji na sabuni na kukaushwa juani kabla ya kuingia kijiji kingine. Kuku wa kijiji ambacho bei imeanguka ghafla wasiguswe, na bwana mifugo apigiwe simu kabla ya mchuuzi mwenzako. Anayenunua wa mbegu awatenge wiki mbili kabla ya kuwachanganya. Bata wasilale na kuku. Na ndege wa porini aliyekutwa amekufa asishikwe na mtoto. Vijana wawili watatu wanafanya hivyo. Wengi bado.

Kijana aliyejenga banda nilimpelekea matetea waliochanjwa, na nikamwambia kwa nini. Hakunisemesha kwa muda mrefu baada ya hapo, na sikumlaumu. Kwa yule mama nilichelewa zaidi, kwa aibu. Nilipokwenda hatimaye, alinisikiliza akiwa anapepeta mpunga, hakuacha kupepeta. Nikamuuliza bata walikwenda wapi. Akaniambia kwamba kwa kuwa nilikataa kuwanunua, waliobaki waliwachinja jioni ileile kabla hawajafa, wakawanyonyoa yeye na wajukuu zake, wakala. Hakuna aliyeugua, akasema, akinitazama kwa mara ya kwanza. Nikatoa fedha, tofauti ya bei niliyompunja kwa kuku wake. Alizipokea, akazihesabu mbele yangu, akasema bei ya tetea siku hizi si ile ya mwaka ule. Nikaongeza.